Mume wangu anataka kutangaza kipimo chake kanisani

Mshauri mpendwa, nisaidie kufikiri, maana kila jibu ninalolipata peke yangu nalitilia shaka kesho yake. Mume wangu Hezekia aliugua muda mrefu, matezi ya shingo yakavimba, mkanda wa jeshi ukafuata, akapimwa virusi vya UKIMWI mara kadhaa akakutwa hana, akatibiwa kifua kikuu asipone, hadi daktari bingwa alipotueleza kwamba kinga ya mwili wake hutengeneza askari wanaomkamata tarishi wa kinga hiyohiyo, yule anayepaswa kuiamsha, hivyo vijidudu vya udongoni na majini, ambavyo wengine tunaishi navyo bila kujua, vinamwangusha. Nami niliyesoma chuo kikuu nikabaki nikistaajabia mwili huu tunaodhani tunaujua, na nastaajabu zaidi nikimwona, baada ya kuanzishiwa vidonge na uvimbe kupungua, anaendesha tena baiskeli.

Lakini hapa Magomeni, Kilosa, anayemeza vidonge kila siku hukisiwa jambo moja tu. Tangu wiki iliyopita Hezekia ameacha dawa. Anasema, "Sigusi kidonge mpaka nisimame kwenye shukrani Jumapili, watu wasikie sina virusi." Jirani yetu Debora, anayeishi na virusi wala hafichi, na ndiye aliyetupikia uji nilipokuwa hoi kwa kumuuguza, alimcheka: "Shemeji, meza bwana. Mimi maneno ya watu nayashushia na maji, na unaniona nilivyonenepa." Nilidhani tangazo lingemrudisha kwenye dawa, sasa naogopa litakuwa kumwambia Debora, mbele ya kanisa zima, kwamba sisi si kama yeye. Au nakosea?

Yusta

Yusta, pole. Mshangao wako nauelewa, hata mimi umenishika. Ila wewe unatafakari huku mumeo hamezi dawa, na hilo silikubali. Uvimbe umepungua kwa sababu ya dawa. Ugonjwa bado upo. Ipigie kliniki, sema amekatiza, wakueleze aanzeje tena. Homa au uvimbe ukirudi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu tangazo, hujakosea. Wenye kusengenya watasema cheti cha kipimo kimenunuliwa, na Debora atabaki na aibu aliyopewa na watu aliowapikia uji. Majibu ni ya Hezekia, hakuna anayemdai. Asimame, ashukuru kuwa hai, awashukuru majirani waliomlea, akae. Wanaokisia waendelee kukisia.

Mwambie bila kumbembeleza: shukrani ni Jumapili, kliniki ni leo.