Chupa Mbili za Damu Yangu

Pacha wangu mkimbia sindano,

Huku hatujambo, ila kitanda chako Mama amekijaza mapazia ya kupiga pasi.

Nina la kuungama. Siku ile ya utafiti wa mapacha, ulipotorokea chooni, nesi wa zamu ya pili aliita jina lako. Mimi na aibu zangu nikashindwa kusema hupo. Nikampa mkono wa pili, akatoa damu tena akidhani ni wewe. Sisi damu moja, nani angejua?

Jana daktari katuita mimi na Mama. "Hawa wamezidi kufanana," akasema. Eti jeni huwafanya askari wa damu, yaani chembe za kinga, wa mapacha wafanane, lakini kila mwili hujichongea silaha zake kwa bahati nasibu. Chupa zetu zina silaha zilezile, kama za mtu mmoja.

Mama akanigeukia. "We mtoto, utasema au nikusemee?"

Nikasema.

Ijumaa daktari anakuja bwenini kwenu na sindano. Nilimsihi anitoboe mimi tena, akacheka mpaka akavua miwani. Mama hakucheka. Anakuja naye, na yeye ndiye atakayekushika.

Nisamehe,
nduguyo mwoga wa watu