Sufuria chini ya kitanda

Moroni, Jumanne, 1984

Bado nina hasira na nafsi yangu. Mchana nilikuwa nawapakulia watoto mashelisheli ya nazi, mara nikasikia hodi ya Bi Mariamu, shangazi wa mume wangu kutoka Mutsamudu. Nikaisukuma sufuria chini ya kitanda.

Enzi zake, mama yangu aliwakaribisha wageni kwa shelisheli bila kuona haya. Wali ulikuwa wa Idi na harusi. Siku hizi usipopika wali kila siku, watu husema umefilisika. Bei ya mchele imepanda tena, na sokoni mtu hathubutu kulalamika, mamluki wa Kizungu wanaomlinda Rais wana masikio kila pembe. Dhahabu iliyomo sandukuni siigusi, ni ya ndoa kubwa ya binti yangu, ile harusi ya mila inayoipa familia heshima.

"Tumeshakula wali, shangazi," nikasema.

Alikunywa chai, akaaga. Mlangoni akaninong'oneza, "Nimesikia harufu ya shelisheli tangu uani, mwanangu. Hata kwangu ndicho chakula chetu. Na mimi hukificha."

Nilitaka kumwambia arudi ndani tule pamoja. Lakini ningelazimika kuitoa sufuria chini ya kitanda mbele yake.

Nikamwacha aende na njaa yake.