Mabalozi Bado Wanabishana

Kaka yangu wa tumbo moja,

Salamu. Mkeo kajifungua salama, binti mwenye sauti kama king'ora.

Uliuliza habari za nyumba. Haipo. Asubuhi moja askari walikuja na tingatinga kutuhamisha. Baba akasimama mlangoni: “Mkataba wa nchi hizi mbili unatupa sisi wa mpakani haki ya kukaa hapa. Waulizeni mabalozi!”

“Mabalozi bado wanabishana, mzee,” ofisa akacheka, akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Baba akainuka, akasimama palepale. Wakampiga mpaka hakuinuka tena. Nilimng'ata yule ofisa mkono hadi mfupa. Wakanivunja taya, ndiyo maana sipokei simu zako.

Redio inasema mazungumzo yanakwenda vizuri. Usirudi, kaka. Najua utaua mtu, nami nimechoka kuzika.

Dada yako