Kigari Cheupe cha Ami Seif

Jumatatu, 3 Februari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimewasha gari, yule mwanamke wa Kijapani aliyemo ndani ya redio akasalimu kwa lugha yake. Mama yuko barazani na chai yake, kamwitikia "Waalaikumu salaam" kama kila siku. Anasema haifai mtu asalimu asiitikiwe, awe Mjapani awe nani.

Nikakanyaga breki mara mbili kabla ya kutoka. Nimeshajizoesha. Mara ya kwanza pedali inakwenda chini bila kushika kitu, ya pili inashika. Kutoka Mabawa hadi Pongwe nimefika salama, ila pale kwenye reli ilibidi nikanyage mara tatu. Watoto wangu wa darasa la nne walikuwa wanavuka. Mmoja alinipungia mkono. Nami nikampungia, nacheka, huku mgongo umeloa jasho.

Wiki ya tatu hii tangu ninunue. Dogo, jeupe, safi mpaka kwenye mazulia. Naliogopa.

Jumanne, 4 Februari

Leo limekataa kabisa. Roli la saruji lilisimama mbele yangu karibu na njia ya shule. Nikakanyaga, chini. Tena, chini. Nikavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, gari likaenda upande likasimama. Kati ya pua yake na lile roli hapakupita hata daftari la mahudhurio. Dereva wa roli hakujua. Akaondoka zake.

Nilikaa palepale. Nilitaka kumwita baba. Baba amekufa, mwaka wa sita huu.

Mjinga ni mimi. Gari nimenunua kwa Ami Seif, mwenye yadi ya magari, rafiki wa baba tangu ujana wao. Ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Tulipopatana aliagiza kahawa na halua, tukainua mikono tukasoma Fatiha, akanikabidhi ufunguo. Mwalimu mwenzangu alishanishauri nimpeleke fundi alitazame kwanza. Baada ya Fatiha? Ningekuwa namwambia mtu mzima usoni kwamba simwamini. Niliona haya. Nikatia ufunguo mkobani na halua nikabeba.

Alhamisi, 6 Februari

Fundi Mhina kalitazama. Hana gereji ya ukuta, kazi zake ni chini ya bati, kando ya barabara. Kaingia uvunguni, kakaa humo muda mrefu, katoka anajifuta mikono. Sikupenda alivyojifuta polepole.

Paipu inayopeleka mafuta ya breki tairi za nyuma imekunjwa ikabanwa kwa boliti. Ilikuwa inavuja. Badala ya kuitengeneza, mtu kaiziba. Kwa hiyo nyuma hakuna breki hata moja. Za mbele nazo zinavuja, ndiyo maana pedali inazama. Halafu akanionyesha dashibodi: ile taa nyekundu ya kuonya haiwaki kwa sababu balbu yake imetolewa.

"Mwalimu, hii si kazi ya Japani," akasema. "Hii kazi ya hapahapa. Boliti mpya."

Nikamwomba asimwambie mtu. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi.

Vifaa vitakuja na basi kutoka Dar, Jumanne. Pale kwake halilali gari, kuna wezi. Kalirudisha nyumbani mwenyewe, mwendo wa mtu anayebeba mayai. Kaniambia lisitoke. Kalirudia neno hilo mara mbili.

Wiki tatu nimekuwa na hasira na mguu wangu, kumbe mguu hauna kosa.

Ijumaa, 7 Februari

Mama kauliza mbona leo nimepanda basi. Nimemwambia bima imeisha. Uongo, na siku ya Ijumaa.

Ningemwambia nini? Kwamba aliyemzika mumewe kaniuzia jeneza lenye magurudumu? Mama ana presha. Na mtu ukimwona na kasoro msitiri, ndivyo tulivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani na ndivyo mama anavyoniambia tangu utotoni. Basi namsitiri. Baada ya kutengenezwa nitamfuata yadini peke yangu, nimwambie kwa adabu. Labda hakujua. Labda ni fundi wake.

Baada ya swala Ami Seif kapita hapa barazani, kanzu inanukia udi. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza gari linaendaje. Nikasema alhamdulillahi. Akalitazama kidogo tu, akageuza macho kumuuliza mama habari za miguu yake inayomuuma.

Amejua. Hakujua. Sijui.

Jumamosi, 8 Februari

Ufunguo nimeutia kabatini, chini ya khanga. Nimefua. Nimesahihisha madaftari. Kila nikipita dirishani naliona.

Jumatatu, 10 Februari

Niandike, nisipoandika sitatulia.

Nilishuka kwenye basi saa nane na nusu. Mbele ya nyumba hapana gari. Nikadhani limeibwa na, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Mama akaniambia kwa utulivu. Bi Zuwena, mkewe Ami Seif, kafiwa na dada yake huko Ushongo. Magari ya yadini hayana namba bado, basi Bi Zuwena kamtuma mkwe wake, Nassor, aombe letu. "Nshampa, ufunguo nimeukuta chini ya khanga," kasema mama. "Gari la mazikoni halinyimwi, mwanangu. Bima gani na watu wana msiba?" Wameondoka saa saba. Bi Zuwena, binti zake wawili na jirani, wanawake wanne, na Nassor anaendesha.

Nilisimama na mkoba begani.

Ushongo ni ng'ambo ya mto. Mpaka Pangani ni lami, mtu anaweza kufika kwa kukanyaga kanyaga. Lakini Pangani kuna kivuko, na gari huteremka kuingia kivukoni, na chini ya ule mteremko ni maji.

Nikampigia Nassor. Inaita, haipokelewi. Tena. Tena. Bi Zuwena kazima simu. Nikampigia Ami Seif, bado yuko yadini anafunga ofisi aende na wanaume. Hata shikamoo nilisahau. Nikasema, "Ami, lile gari wamelichukua kina Bi Zuwena. Breki za nyuma zimezibwa."

Hakuuliza zimezibwaje. Hakuuliza nani kasema. Akasema kwa sauti ambayo siijui, "Zuwena yumo?" Simu ikakatika.

Basi alijua.

Nimekaa barazani tangu hapo. Mama kauliza kuna nini, nikamwambia kila kitu, kwa maneno machache. Hakupiga kelele. Kaingia ndani kutia udhu.

Saa kumi na robo Ami Seif kapiga. Wako hai. Kivukoni abiria wote huteremshwa wakaingia kwa miguu, gari huingia na dereva peke yake. Wanawake walikuwa wameshashuka na mikoba yao. Nassor akateremsha gari, pedali ikaenda chini, hakuna kitu. Kakata usukani kuingia kwenye rundo la nazi zilizokuwa zinangoja kuvushwa. Mkono wake umevunjika. Nazi zimetawanyika hadi majini.

Mwenye nazi alikuwa kasimama kando ya rundo lake. Ami kasema karuka.

Kama asingeruka.

Jumatano, 12 Februari

Sina hamu ya kula. Mama kazungumza nami maneno matatu: chai, mlango, chumvi.

Ami alinificha mimi. Mimi nikamficha mama. Mama akatoa ufunguo kwa moyo safi kabisa. Nikigeuza huku na huku, nafika palepale. Nilikuwa najua tangu Alhamisi.

Alhamisi, 13 Februari

Wamerudi kutoka Ushongo. Nimekwenda na mama kumpa pole Bi Zuwena. Sebule imejaa wanawake, Ami Seif kakaa mlangoni na tasbihi. Nassor pembeni, mkono kwenye plasta.

Mmoja anasema ni kijicho, gari jipya likipita watu wanalitazama. Mwingine anasema lisomewe, lichinjiwe jogoo. Lakini wengi walikuwa wanamsema Nassor. Kijana hana utulivu. Anaendesha kama anakimbizwa. Kidogo awaue wakwe zake. Nassor kainamisha kichwa. Alikuwa anaanza kuamini. Niliona usoni, ndivyo mtoto darasani anavyokubali kosa la mwenziwe akisemwa sana.

Nikamtazama Ami Seif. Anahesabu tasbihi. Mama akanibonyeza goti. Sikujua ni kwa kuninyamazisha au kunisukuma.

Sijawahi kuogopa vile, hata mbele ya lile roli. Nikasema, "Nassor hana kosa. Breki zilikuwa mbovu. Fundi aliniambia Alhamisi iliyopita, nikanyamaza. Mimi ndiye niliyejua."

Bi Zuwena alinitazama kama hanijui. Nilistahili. Jina la Ami sikulitaja, na sikuwa na nia ya kulitaja.

Tasbihi ikasimama.

"Nami nilijua kabla yake," akasema Ami Seif. "Nilimwambia fundi wangu aizibe paipu ya breki."

Bi Zuwena kainuka, kapita mbele yake, kaingia chumbani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa taratibu, ukatiwa komeo.

Njiani mama kanishika mkono. Mzito na wa moto. Hakuuachia mpaka nyumbani.

Jumanne, 18 Februari

Nimekwenda kwa Nassor kumwomba radhi. Kanimiminia chai kwa mkono wa kushoto, nusu kikombeni, nusu sahanini. Kasema yaliyopita si ndwele. Nikalia kwake kama mtoto, mwanamke mzima, mwalimu. Mkewe kanipa kitambaa.

Jumapili, 23 Februari

Gari limetoka kwa Mhina. Paipu mpya, breki mpya mbele na nyuma, pua imenyooshwa. Limeletwa na Ami Seif mwenyewe, kakaa pembeni, Mhina kaendesha. Kapungua. Nasikia analala chumba cha wageni.

Kasimama chini ya ngazi, hakupanda barazani mpaka mama alipomkaribisha. Kaniambia, "Nihalalie, mwanangu, unisamehe." Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kumwambia nimesamehe, neno halikutoka. Nikamwambia, "Bado, ami." Akaitika kwa kichwa. Mama akamletea kahawa. Kanywa, kashukuru, kaenda kwa miguu.

Baadaye nimeliwasha. Mjapani kasalimu, mama kamwitikia. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, mara ya kwanza naiona. Mhina kasema ndivyo inavyotakiwa, iwake kwanza halafu izimike.

Nikamwuliza mama atapanda, tufike sokoni tu. Kasema leo hapana.

Nikaisubiri ile taa izimike. Ikazimika. Nikakanyaga breki mara moja, ikashika. Nikakanyaga tena.