Mifupa ya Bénie

Likasi, 4 Machi 1995

Mudogo yangu Adrienne,

Jambo sana, mama. Mwili iko muzima? Baridi ya Liège haijakula masikio yako? Huku kwetu tunapumua, na pumzi haijaanza kuuzwa sokoni.

Minye ndiyo muntu wa bahati kupita bote mu Likasi. Tangu mishahara ikauke, bibi za barafiki yangu banarudia kwa bazazi babo, masufuria juu ya kichwa. Muke wangu Mbombo? Iko hapa, anaimba, ananisongea bukari ya unga ya mahindi, halali kama hajasikia hadisi zangu za Ndola na Kitwe. Minye nilitembea, ninajua kuchunga mwanamuke. Siku hizi ninavunja mawe ya chokaa kule Kakontwe, na hata mawe yananiheshimu.

Sasa neno lenyewe. Binti yangu Bénie iko na mwaka na nusu. Kichwa munene, paji ya uso ya waziri, lakini mikono na miguu mifupi sana; akinyoosha mukono, haifike juu ya kichwa. Akili iko nayo mingi, anacheka hata haujamaliza kichekesho. Yaya yetu Placide, kaka mukubwa wa sisi bote, anasema ni bulozi ya mama yake. Alienda kwa Pasta Godefroid bila kuniuliza, bakapatana: Pasika ikipita, mutoto aingie mu chumba ya maombi. Kule banafunga kula, banavuta mikono na miguu, banatikisa kichwa mpaka pepo itoke.

Nilisema, ngojeni kwanza, mudogo yangu ni infirmière, anauguza batoto kule Bulaya. Ujibu mbio.

Yaya yako,
Athanase


Liège, 27 Machi 1995

Yaya Athanase,

Nakusalimu wewe, Mbombo na Bénie wangu ambaye sijamshika bado. Mimi mzima, masikio yangu yote mawili yapo.

Nilimweleza daktari wa wodi yetu jinsi mtoto alivyo. Hakushangaa. Ugonjwa huu una jina, achondroplasie, na mwaka jana tu wataalamu walipata chanzo chake. Soma pole pole. Juu ya chembe za mfupa unaokua kuna protini. Kazi yake ni kupokea ujumbe kutoka nje na kuuingiza ndani ya chembe: "Taratibu, usirefuke zaidi." Kila mtu anayo. Bila hiyo mifupa yetu ingekua ovyo. Ya Bénie imebadilika mahali padogo sana, basi inapeleka ujumbe hata kama hakuna aliyeutuma. Mifupa inatii, inaacha kurefuka. Hakuna pepo hapo, wala chakula alichokosa.

La pili, na hili ushike kama roho yako. Watoto hawa, tundu ambamo uti wa mgongo unaingia kichwani ni jembamba. Wakimtikisa shingo anaweza kukata pumzi palepale. Asiingie chumba kile.

La tatu. Wazazi wengi wa watoto hawa ni warefu kama ninyi. Mabadiliko yanaanza upya, na daktari anasema wanadhani mara nyingi ni katika mbegu ya baba, hasa baba mwenye umri. Wewe una hamsini na mbili, yaya. Si kosa. Ila si Mbombo.

Mwambie aniandikie mistari miwili kwa mkono wake.

Mudogo yako,
Adrienne


Likasi, 12 Aprili 1995

Adrienne wangu,

Barua yako ilinikuta na afya ya ng'ombe dume. Na weye, bado unakula bile viazi bila chumvi?

Nimeelewa kupita daktari wako. Protini nilijua ya maharagi na samaki ndakala tu, kumbe ingine ni kama sirène ya usine, king'ora ya kiwanda. Ikilia, bantu banaacha kazi. Ya Bénie inalia asubuhi, inalia muchana, hakuna mukubwa aliyeigusa, na bafundi ba mifupa banatupa nyundo.

Nilieleza Placide vile. Akasema:

"Weye unajua nini? Shule uliachia cinquième primaire, darasa ya tano tu."

"Ndiyo sababu kichwa yangu ingali na fasi."

"Mutoto ataingia. Nilishatoa neno."

"Neno ni yako, ingia weye. Miguu yako pia si mirefu sana."

Alitoka bila kumaliza chai. Sasa banasema batamuombea mbele ya kanisa nzima, nikatae kama ninayo uso ya kukatalia mbele ya bantu. Nitaenda.

Mbombo anakusalimia sana. Vidole vyake vimevimba na kufua, hawezi kushika bic ya kuandika.

Yaya yako,
Athanase


Liège, 9 Juni 1995

Yaya,

Natumaini mko hai. Ndiyo salamu yangu leo, sina nyingine. Pasika imepita, sina habari. Mtoto anapumua? Kama wanakulazimisha, mchukue mwende Mulungwishi, kwenye misheni, mkalale hata barazani.

Na Mbombo, vidole vimepona? Kila barua namwomba, kila barua unanichekesha.

Mudogo yako,
Adrienne


Likasi, 2 Julai 1995

Mudogo yangu,

Tuko. Bénie anapumua, anakula, anasimama akishika ukuta na kutukana kuku. Usilie.

Niliingia kanisani na yeye juu ya mabega. Pasta akanyoosha mikono. Nikasema: Pasta, ombea paa, ombea mishahara, shingo ya mutoto huyu hapana. Ikitikiswa anakufa, na utamuzika weye mwenyewe mbele ya macho yangu. Pasta akashusha mikono. Placide akalalamika kwamba mama ndiye alileta ile kitu. Nikageukia bantu bote. Nikabaambia: munatafuta mwenye alileta? Ni minye. Mbegu ya Athanase, ya miaka makumi tano na mbili, kutoka Likasi mpaka Kitwe hakuna ingine. Mama yake hana neno. Mwenye kutaka kuvuta miguu, avute yangu.

Wengine bakacheka. Mama Clémentine, muuza samaki, akainuka, akamutwaa Bénie, akamukalisha juu ya mapaja yake. Akasema, "Pasta, endelea na mahubiri, sisi huku tuko sawa." Akaendelea. Placide hanisalimii tena, nitaishi.

Sasa Mbombo. Hakusikia nilichosema. Hayuko. Aliondoka Bénie akiwa na miezi ine, siku Placide alimuita mulozi mu nyumba yangu na minye nikatoa kichekesho. Banasema iko Kamina. Haimbi hapa, hapiki hapa. Bukari ninasonga minye mwenyewe, na ni mbaya.

Ile bahati yote nilikudanganya.

Yaya yako,
Athanase