Nimewachomelea Toroli la Roboti, Wamenuna

Mama Lorna mshauri, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni Merv wa hapa Port Pirie, mchomeleaji mstaafu wa mabehewa ya treni, shule niliikimbia ikiwa bado inanipenda, sasa mjukuu wangu Keely na wenzake wa timu ya shule wana roboti yao ya mashindano, nzito kama kondoo dume ambaye hajanyolewa, wakaunda na toroli la kuibebea, la mbao, magurudumu ya pipa la taka, ukilisukuma mbele linakwenda kushoto kama limetoka baa, wakaliacha bandani kwangu wikendi, nikawahurumia, nikawachomelea jipya la chuma, lina breki, rafu ya betri, hata honi, Jumatatu wakaja, nikabonyeza honi, hakuna aliyecheka.

"Babu, letu liko wapi?" Keely akauliza.

"Ndilo hilo, limepona."

"Na mbao zetu?"

"Tulichomea soseji jana. Ziliiva vizuri sana."

"Jumamosi majaji watauliza nani ametengeneza. Niseme nini?"

"Sema ni wewe. Mimi simwambii mtu."

"Babu! Unanifundisha uongo mbele ya timu yangu?"

Wakaondoka, eti afadhali waibebe roboti mikononi, wataiangusha, Mama, kazi ya mwaka mzima, na Keely simu yangu hapokei, eti sheria yao mtu mzima aelekeze tu, mikono mfukoni. Mfukoni! Mikono iliyojenga mabehewa! Mkosaji ni nani hapa?

*

Merv, mkosaji ni wewe na soseji zako.

Najua ulifanya kwa mapenzi, na najua toroli lao lilikuwa kituko. Lakini lilikuwa lao. Wangesimama mbele ya majaji waeleze kwa nini linakwenda kushoto na walijaribu nini. Wewe umewapa honi.

Leo hii, kabla ya chai, nunua mbao, zipeleke shuleni pamoja na toroli lako la chuma. Sema "Nimekosa" mbele ya timu nzima, halafu nyamaza. Usiongeze "lakini", nakujua. Wakitaka magurudumu yako, wayang'oe wenyewe. Wakitaka kulikatakata lote, mpe Keely mashine ya kukatia na miwani, simama karibu kiasi cha kumzuia asiumie, si kiasi cha kumnyang'anya. Wakikuuliza, jibu ulichoulizwa. Hadithi za mabehewa ziache nyumbani.

Jumamosi uende, mikono mfukoni, majaji wakiuliza ajibu Keely. Na toroli likianza tena kwenda kushoto, Babu Merv, nawe nenda nalo kushoto.