Dume Bora wa Mwenyekiti

Jumamosi, Sotik

Yai lenyewe lilikuwa dogo kama ncha ya kidole, lakini wote tuliliona. Mwenyekiti wa klabu yetu ya kasuku wadogo, Mzee Koech, alikuwa ameshika kikombe cha Dume Bora ambacho ndege wake alikuwa ameshinda kwenye mashindano yetu, akitufundisha jinsi dume anavyojulikana kwa rangi ya pua. Hapo ndege wake akataga, mezani, mbele ya wageni.

Mama Chebet, ambaye ndege wake alikuwa wa pili, akasema polepole, "Mwenyekiti, hii dume imetaga."

"Ni baridi tu," akajibu, na kikombe akakitia kwenye mkoba.

Kamati ikaamua yai lichunguzwe. Mimi katibu nikaandika hivyo, kisha nikampigia mwenyekiti makofi.

Naona aibu. Lakini ameniahidi kinda wa huyo dume.